UZI: Funza wa njano kwenye sato na kambale wa bwawani, anatoka wapi na njia yake inakatwa wapi

MkuliMaji

Wakuu, swali la "samaki wana funza, niweke dawa gani?" linarudi humu kila msimu wa mavuno, na majibu ni yaleyale: mwaga chumvi, mwaga majivu, twanga mwarobaini. Hakuna hata moja kati ya hayo linalomfikia mdudu mwenyewe. Naweka maelezo sehemu moja. Mwenye nyongeza aongeze, mwenye kupinga apinge.

Tunaongelea vile vivimbe vya njano au vyeupe unavyovikuta ndani ya kifuniko cha shavu, kwenye shina la mapezi, chini ya ngozi na ndani ya mnofu. Ukikipasua kimoja anatoka mnyoo bapa mnene, mara nyingi wa milimita 3 hadi 8, anajikunja na kujinyoosha. Watu humwita funza, lakini funza ni mtoto wa nzi. Huyu ukoo wake ni mmoja na minyoo ya maini ya ng'ombe na mdudu wa kichocho. Jina la kitaalamu ni *Clinostomum*, na kwenye sato wa Afrika wapo zaidi ya aina moja: *C. tilapiae*, *C. phalacrocoracis*, *C. cutaneum*. Huyu wa mwisho hukaa ngozini. Mtafiti Paperna alimpa jina mwaka 1964 akiwa bado mchanga ndani ya samaki, na ilichukua zaidi ya miaka 40 hadi mnyoo wake mzima alipoelezwa, kutoka kwa kulastara wa Kenya. Yupo pia binamu yake, *Euclinostomum*, mkubwa zaidi, anayependa figo na ini.

Sasa safari yake. Mnyoo mzima anaishi mdomoni na kooni mwa ndege mla samaki: kulastara, yangeyange, mnandi na jamaa zao. Ndege akitumbukiza mdomo majini, mayai yanamwagika humohumo. Yai likianguliwa hutoka kitoto chenye vinywele, mirasidia, ambacho kina saa chache tu za kumpata konokono wa maji baridi anayemfaa. Asipompata anakufa. Akimpata, anaingia na kuzaliana humo bila jike wala dume, na baada ya wiki kadhaa konokono anaanza kutema vitoto vyenye mkia, serkaria, mamia kwa siku. Hivyo navyo vina siku moja hivi, ikizidi sana mbili. Vikimgusa samaki vinatoboa ngozi, vinaacha mkia nje, vinaingia kwenye nyama na kujifungia kwenye kifuko. Huyo aliyejifungia ndiye metaserkaria, ndiye "funza" wenu. Ananyamaza humo, miezi hadi miaka, akingoja ndege amle samaki.

Shikeni jambo moja hapo: samaki hamwambukizi samaki mwenzake. Unaweza kuweka samaki mwenye vivimbe 50 kwenye tangi safi lisilo na konokono pamoja na wenzake wazima, mwaka ukaisha, wale wazima wakabaki wazima. Kiwanda ni konokono. Ndege ni mleta mbegu. Samaki ni ghala tu, na nyinyi mnataka kutibu ghala.

Mama Perege

Asante mkuu kwa kulianzisha. Swali la haraka: prazikwanteli, hii wanayopewa watoto shuleni kwa ajili ya kichocho, si inaua minyoo bapa yote? Kwa nini isichanganywe kwenye chakula cha samaki?

MkuliMaji

Mama Perege, inaua kweli, na ndiyo dawa ya watu wenye minyoo ya maini inayotokana na samaki. Kwa sato wa chakula ina matatizo matatu.

La kwanza, aliyejifungia kwenye kifuko hafikiwi kirahisi kama yule anayeelea tumboni. La pili, hata ukimuua, maiti na kifuko vinabaki kwenye mnofu. Mteja anayekataa samaki mwenye doa la njano hatauliza kama mdudu yu hai. La tatu, bwawa bado lina konokono, kwa hiyo kesho asubuhi serkaria wengine wanaingia. Umenunua dawa ya watu kwa gharama kubwa ili ukae palepale. Tena kuna suala la mabaki ya dawa kwenye nyama. Nchi nyingi hazijairuhusu kwa samaki wa kuliwa.

Chumvi, majivu na mwarobaini ni bure kabisa kwa huyu. Mdudu yuko ndani ya nyama, maji ya chumvi yanapita nje ya ngozi.

Tamvua

Hapo kwenye chumvi ngoja niweke mpaka, maana mtu atasoma hivyo na kuitupa chumvi hata pale inapofaa.

Kuna minyoo bapa ya aina nyingine kabisa inayokaa NJE ya samaki, kwenye mashavu na ngozi. Kwenye sato mara nyingi ni *Cichlidogyrus* mashavuni na *Gyrodactylus* ngozini. Kambale ana *Macrogyrodactylus*. Hii haihitaji konokono wala ndege, inahama samaki kwa samaki moja kwa moja. Ndiyo inayoua vifaranga kwenye matangi ya kuatamia na mabwawa yaliyosongamana. Dalili: samaki anajisugua chini au kwenye ukuta, ute umezidi, mashavu yamepauka au yamevimba, anapumulia juu karibu na bomba la maji yanayoingia. Kwa macho matupu hutamuona. Kata ncha ya shavu, weka kwenye kioo na tone la maji ya bwawa, tazama kwa hadubini ndogo hata ya kukuza mara 40. Ukiona kitu kama kiwavi kimejishika kwa ndoano za nyuma kinanyooka na kurudi, ndiye.

Kwa hawa chumvi inafanya kazi. Gramu 10 kwa lita, yaani kilo 1 kwenye beseni la lita 100, nusu saa, na hewa ikipulizwa muda wote. Jaribu kwanza na samaki watano. Anayelala ubavu anatolewa papo hapo. Fomalini ni mililita 15 hadi 25 kwa kila mita moja ya ujazo bwawani, lakini hapo ndipo watu wanapoua bwawa zima: kila miligramu 5 kwa lita ya fomalini hunyang'anya maji karibu miligramu 1 kwa lita ya oksijeni katika siku moja na nusu inayofuata. Ukiweka 25 umepoteza 5. Bwawa la kijani lenye samadi, ambalo alfajiri lina 3 au 4 tu, litaamka na samaki wanaelea matumbo juu. Bila mashine ya hewa msiguse.

Jambo la mwisho: *Gyrodactylus* huzaa watoto hai, dozi moja nzuri inaweza kutosha. *Cichlidogyrus* hutaga mayai, na yai halisikii dawa. Rudia baada ya siku 5 hadi 7 kwenye maji yetu ya joto, la sivyo utasema dawa ni feki.

Sato Kizimbani

Mkuu MkuliMaji, na wale samaki wenye jicho jeupe? Ni huyuhuyu?

MkuliMaji

Ni ndugu yake, *Diplostomum* au *Tylodelphys*. Njia ni ileile ya ndege, konokono, samaki, ila huyu anakimbilia machoni. *Diplostomum* akiingia kwenye lenzi kwa wingi mboni inakuwa nyeupe kama mtoto wa jicho, samaki anapofuka, anakuwa mweusi, haoni chakula, anadumaa huku wenzake wanakua. Anaelea juu juu, na ndege anamchukua yeye kwanza. Mdudu anajua anachokifanya!

Halafu kuna vidoa vyeusi vidogo kama punje za pilipili manga kwenye ngozi na mapezi. Hao pia ni metaserkaria, weusi unatokana na samaki mwenyewe anayepaka rangi kuzunguka kifuko. Hawa ni wa sura tu, kwa samaki mkubwa havina neno.

Si kila jicho jeupe ni mnyoo, lakini. Jicho moja lililovimba na kutoka nje mara nyingi ni bakteria au jeraha la wavu. Macho mawili meupe bila uvimbe, kwa samaki wengi wa bwawa moja, hapo mfikirie mnyoo.

Fundi Chokaa

Mmeeleza ugonjwa vizuri, sasa niwape kazi ya jembe. Bwawa la mfano mita 20 kwa 15, mita za mraba 300, kina cha wastani mita 1.

1. Vua wote. Toa maji yote, si nusu. Dimbwi lililobaki kwenye kona ya chini ndilo litakaloturudisha mwanzo.

2. Fyeka majani ya ukingoni na yaliyo majini, yatoe nje mbali, choma au fukia. Mayai ya konokono yamegandamana kwenye majani kama ute.

3. Acha likauke mpaka udongo upasuke mapande, mguu usizame. Wiki 2 hadi 3 kwenye jua kali. Msiridhike hapo, kwa sababu *Bulinus* anajua kujifukia kwenye tope na kulala kiangazi kizima. Na yule mrefu mwenye umbo la parafujo, *Melanoides*, ana kifuniko mlangoni, anajifungia.

4. Ndiyo maana inafuata chokaa. Iliyozimwa au isiyozimwa, gramu 200 kwa mita ya mraba, hivyo kilo 60 kwa bwawa hili. Mwaga ardhi ikiwa bado na unyevu, au nyunyiza maji kwanza. Chokaa kwenye udongo mkavu ni vumbi tu. Palipo na maji yaliyotuama, mfereji wa kutolea, kando ya bomba na mashimo ya kaa, ongeza maradufu. Kinachoua ni maji kupanda pH (kipimo cha uchachu wa maji) zaidi ya 11 kwa muda, kwa hiyo pasipo maji hakuna kuua.

5. Chokaa ya kilimo, ile ya mawe yaliyosagwa, hairushi pH kiasi hicho. Ni nzuri kwa kurekebisha maji, haiui konokono. Watu wananunua hiyo kwa sababu ni rahisi halafu wanalaumu maelezo.

6. Jaza maji, subiri wiki 1 hadi 2, pima pH asubuhi. Ikiwa chini ya 9 weka vifaranga wachache kwenye kizimba kidogo siku moja. Wakilala salama, pandikiza wengine.

Vaa glavu, miwani na kitambaa puani. Chokaa isiyozimwa inaunguza macho kwelikweli.

Kambale wa Nyanza

@Fundi Chokaa na kama bwawa halikauki? Kwetu huku maji ya chini yanachuruzika kila mara, unatoa leo kesho limejaa. Mabwawa mengi yamechimbwa bondeni kwenye chemchemi. Nasikia watu wanatumia mrututu (salfeti ya shaba).

Fundi Chokaa

Mrututu unaua konokono, na unaua samaki vilevile. Kati ya kimoja na kingine kuna uzi mwembamba unaoitwa ualkali wa maji, yaani uwezo wa maji kuzuia asidi. Kanuni inayotumika: chukua ualkali kwa miligramu kwa lita, gawanya kwa 100, jibu ni miligramu za mrututu kwa lita. Ualkali 100, weka 1. Kwenye bwawa la mita za ujazo 300 hiyo ni gramu 300. Ualkali ukizidi 250 usipite 2.5. Ukiwa chini ya 50, usiweke kabisa.

Maji ya chemchemi za milimani na ya mvua mara nyingi yako chini ya 50. Mtu aliyesoma dozi ya kwenye mfuko bila kupima ualkali anaua samaki kwa siku moja. Kingine: shaba inaua na mwani, mwani ukifa unaoza, oksijeni inashuka siku ya pili na ya tatu, na mtu anadhani ni sumu kumbe samaki wamekosa pumzi. Tena shaba haiondoki, inalala kwenye tope.

Na niklosamidi, dawa ya konokono ya miradi ya kichocho, hiyo inaua samaki kwa dozi ileile inayoua konokono. Haingii bwawa lenye samaki.

Kwa bwawa la chemchemi dawa yake ni umbo. Kingo zishuke haraka hadi sentimita 60 au zaidi, pasiwe na pwani ya kina cha kifundo cha mguu. Konokono wengi wanataka maji ya kina kifupi yenye majani, na kulastara anataka mahali pa kusimama. Ukingo wima unawanyima wote wawili. Kata nyasi kila wiki 2, na weka vifurushi vya mitego: majani ya migomba au mapapai yaliyofungwa kamba, yazamishe jioni, yatoe asubuhi na kuyakung'utia juu ya nchi kavu. Konokono wanakuja wenyewe kula.

Mwalimu wa Maji

Naongezea kitu kinachorukwa: JUENI kama konokono wenu wana mdudu kabla ya kutumia fedha. Okota 30 hadi 50 kwa kijiko au kimia chenye mpini, kamwe si kwa mikono mitupu. Osha kwa maji safi. Weka mmoja mmoja kwenye glasi ndogo ya maji yasiyo na klorini, kando ya dirisha penye jua la asubuhi, kwa muda wa saa 2 hadi 3. Shika glasi mbele ya kitambaa cheusi. Ukiona vumbi linalotembea, linaloruka na kushuka lenyewe, huyo konokono anatema serkaria. Kwa macho hutajua ni serkaria wa nani, yupo wa ndege, wa samaki, wa ng'ombe.

Na yupo wa mtu. Hii ndiyo sababu ya kukataza mikono mitupu. *Bulinus* ni mleta kichocho cha mkojo, *Biomphalaria* kichocho cha utumbo, na wote wanapenda bwawa la samaki lenye majani. Kichocho hakipatikani kwa kula samaki, kinaingia kwa ngozi ukiwa umesimama majini. Mkulima anayehangaika na vivimbe kwenye sato huku anaingia bwawani magoti wazi saa nne asubuhi mpaka saa nane mchana, wakati serkaria wa kichocho wanatoka kwa wingi, amekosea adui. Buti ndefu za mpira, na kazi ya majini mapema alfajiri.

Mama Perege

Hapo umenigusa. Na bata? Wengi huku tunaambiwa bata wanamaliza konokono.

Mwalimu wa Maji

Wanapunguza, hawamalizi. Wanakula wa ukingoni na juu ya majani, hawafiki chini. *Clinostomum* anamtaka ndege mla samaki kama kulastara na mnandi, kwa hiyo bata si tatizo kwa huyu, ila ana minyoo bapa yake mwenyewe inayopitia konokono.

Samaki wala konokono pia wamejaribiwa. Ziwa Victoria lina furu anayeitwa *Astatoreochromis alluaudi*, ana mifupa ya koo iliyotengenezwa kusaga magamba. Alipelekwa kwenye mabwawa sehemu mbalimbali za Afrika kupambana na kichocho, na matokeo hayakuwa ya kutegemewa. Akikuta chakula laini anakula hicho, na watoto wake wanaokua kwa chakula laini wanaota mifupa ya koo dhaifu, hawawezi tena kuvunja konokono mgumu. Sasa wewe unamwaga pumba na pelleti kila siku, halafu unategemea avunje magamba?

Marekani walifanya kubwa zaidi. Walimleta samaki anayeitwa kapu mweusi (black carp) kutoka Asia ili ale konokono kwenye mabwawa, kwa sababu ya funza huyuhuyu wa njano. Akatoroka, leo yuko mto Mississippi anakula konokono na kome wa asili. Msihamishe samaki wa kigeni kwa sababu ya uzi wa mtandaoni.

Sato Kizimbani

Sisi wa vizimba ziwani hatuna pa kuweka chokaa. Tufanyeje?

MkuliMaji

Nyie mnasaidiwa na nafasi. Kizimba kikiwa kwenye maji ya kina cha mita 6 na zaidi, mbali na matete, serkaria wanaofika ni wachache kwa sababu konokono wako pwani na umri wa serkaria ni mfupi. Tatizo lenu ni mambo mawili. Nyavu chafu zilizoota mwani hugeuka shamba la konokono pale pale ubavuni mwa samaki, kwa hiyo zisafishwe na zikaushwe juani. Na vifaranga mnavyonunua vinaweza kuja na wadudu tayari kutoka kwenye bwawa la muuzaji.

Kabla ya kulipa vifaranga, chukua 20 bila kuchagua. Inua kifuniko cha shavu, tazama ndani, tazama chini ya taya na shina la mapezi. Mkiona kivimbe hata kwa wawili, kataeni. Samaki wa gramu 2 akiingiwa na serkaria kadhaa kwa pamoja anaweza kufa kwa majeraha tu, wakati wa gramu 300 anawabeba makumi bila kuonyesha.

Kwa matangi ya kuatamia: maji ya mto yakae kwenye tangi lisilo na konokono, lililofunikwa, siku 3 kabla ya kutumika. Chujio la milimita moja linazuia konokono wakubwa, serkaria anapita kama vile hakuna kitu. Muda ndio unaomuua.

Kambale wa Nyanza

Na ndege je? Kuna wanaowapiga manati.

MkuliMaji

Wengi wao wanalindwa na sheria za wanyamapori, tena ukimuua mmoja kesho anakuja mwingine. Kwa bwawa dogo, wavu wa juu wenye matundu ya sentimita 5 hadi 10, ukazwe vizuri usilegee, la sivyo ndege ananasa na wewe una kazi nyingine. Bwawa kubwa: nyuzi za nailoni za kuvulia zipite juu ya maji kila baada ya sentimita 30 hadi 50, na uzi mwingine kuzunguka ukingo kwa urefu wa goti, maana kulastara hutua kando na kutembea hadi majini. Sanamu ya mtu anaizoea kwa wiki moja.

Msitupe samaki waliokufa na matumbo ukingoni. Hiyo ni karamu ya ndege, na ndiyo njia fupi ya kumrudisha mdudu mdomoni mwake. Fukia nusu mita kwenda chini, na chokaa juu.

Jikoni Dar

Tumalize upande wa mlaji, maana ndiko kelele ziko. Samaki mwenye vivimbe analiwa au anatupwa?

Tamvua

Analiwa akiiva. Clinostomum aliyeiva ni nyama tu. Kata vivimbe kwa ncha ya kisu, na kama viko vingi kwenye mnofu usiuze, hata kama si sumu. Kiwandani minofu hupitishwa juu ya kioo chenye taa chini, kivuli cha kifuko kinaonekana. Nyumbani kata mnofu usizidi nusu sentimita na ushike mbele ya taa.

Akiliwa mbichi, huyu mdudu akikutana na joto la mdomo anajishika kooni. Japani na Korea zimeandikwa kesi za watu wenye koo lililovimba na kukohoa, daktari akatoa mnyoo mzima kwa koleo. Linaondoka, lakini si starehe.

Wabaya zaidi ni wa maini, nao wana maeneo yao. *Opisthorchis viverrini* yuko Thailand kaskazini mashariki, Laos na jirani zake, watu humpata kwa koi pla, samaki mbichi wadogo waliokatwakatwa na ndimu na pilipili. *Clonorchis sinensis* yuko China, Korea, Vietnam na mashariki ya Urusi. Hawa wakikaa miaka kwenye mirija ya nyongo huleta saratani. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilimweka wa Thailand kwenye kundi la kwanza la visababishi mwaka 1994, na wa China mwaka 2009. Misri wana wa utumbo, *Heterophyes*, anayepatikana kwa fesikh, mkizi wa chumvi asiyekaa vya kutosha.

Vipimo: katikati ya mnofu ufike nyuzi 63 za Selsiasi. Sato mzima mnene wa kukaanga achanjwe hadi mfupani, nje kahawia haimaanishi ndani kumeiva. Kugandisha ni nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7, na friji nyingi za nyumbani na za dukani zinazofunguliwa kila dakika hazifiki hapo. Ndimu, siki, pilipili na chumvi ya siku moja haviui. Samaki wa moshi ni salama kama moshi ulikuwa wa moto, si ule wa kupaka rangi tu.

Wenye mikahawa ya sushi: sato wa bwawani msimguse akiwa mbichi, hata kama ametoka kwa mkulima mnayemjua.

Jikoni Dar

Na ile tepe nyeupe ndefu inayojaa tumboni mwa dagaa wa Victoria?

Tamvua

Hiyo si mnyoo bapa wa uzi huu. Ni tegu, *Ligula*, anapitia vidudu vidogo vya majini badala ya konokono. Anakaa tumboni, haingii mnofuni, akikaushwa na kupikwa hana neno. Na ile minyoo ya mviringo iliyojikunja kwenye kifuko cha moyo wa sato ni *Contracaecum*. Chokaa na konokono havihusiani na hiyo pia.

Kambale wa Nyanza

Swali la mwisho kwa @MkuliMaji. Nimekausha, nimeweka chokaa, konokono sioni. Samaki wapya wakikutwa na vivimbe baada ya miezi mitatu, nimekosea wapi?

MkuliMaji

Angalia kwa mpangilio huu. Vifaranga walikuja navyo? Ndiyo maana nilisema chukua 20 mapema, na uandike. Kama walikuwa safi, fuata maji: mfereji unaoleta maji una konokono kila mara, hata bwawa likiwa kavu, na serkaria wanasafiri na mkondo. Safisha mita 50 za juu ya lango kila mwezi, au pitisha maji kwenye kisima cha kutulia. Kama mfereji nao ni safi, tazama bwawa la jirani lililoachwa na kuota matete, au shimo la matofali lililojaa mvua, ambalo likifurika linamwaga kwako. Hilo nalo mkaushe pamoja, katika kipindi kilekile, la sivyo mtakuwa mnapokezana konokono.

Na saizi ya vivimbe inakuambia tarehe. Vikiwa vidogo sana vyenye ukubwa sawa, maambukizo ni ya wiki chache, tafuta kilichobadilika bwawani hivi karibuni. Vikiwa vikubwa na vidogo vimechanganyika, mlango uko wazi muda wote na hujauona bado. Piga picha ya lango la maji na ukingo wa upande wa jua, weka hapa.